Maswali na majibu: Eduardo Mondlane, kiongozi wa vita aliyefanyia kazi Dar es Salaam

Kila inapokaribia Februari 3, siku aliyouawa kwa bomu mwaka 1969, barua za wasomaji kuhusu Mondlane huongezeka, na nyingi huuliza kuhusu bomu tu. Bomu tutalizungumzia. Lakini miaka sita na ushee aliyoiongoza FRELIMO, chama cha kuikomboa Msumbiji kutoka kwa Wareno, ilijaa zaidi mambo ya fedha, malori, shule na kusuluhisha watu wasioaminiana, na huko ndiko vita vilikotaka kumshinda. Kwa hiyo safari hii tumechagua maswali ya pande zote.

Wengine humwita Profesa, wengine Daktari. Alikuwa nani kabla ya kuja Dar, na Mwalimu Nyerere alimjulia wapi? (Msomaji, Magomeni)

Vyeo vyote viwili ni halali yake. Alizaliwa Juni 20, 1920 huko Manjacaze, Gaza, kusini mwa Msumbiji, mtoto wa chifu wa Watsonga. Utotoni alichunga mifugo, akaingia shule kwa kuchelewa, shule ya misheni ya Waswisi. Chini ya Wareno Mwafrika alikuwa na nafasi finyu mno ya kusonga mbele kimasomo, hivyo akavuka kwenda Transvaal, Afrika Kusini, na hatimaye akafika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Makaburu wakashika serikali mwaka 1948. Mwaka uliofuata akafukuzwa.

Mwaka 1950 alikwenda Chuo Kikuu cha Lisbon, katikati ya dola lenyewe lililokuwa likiwatawala kwao. Polisi wa siri hawakumwacha apumue. Alipopata ufadhili akahamia Marekani: shahada ya kwanza Oberlin, Ohio, mwaka 1953, kisha udaktari wa falsafa Northwestern mwaka 1960. Mwaka 1956 alimwoa Janet Johnson, Mmarekani mweupe. Ndoa hiyo ishike akilini, tutarudi kwake.

Kuhusu Mwalimu: mwaka 1957 Mondlane aliajiriwa na Umoja wa Mataifa, New York, idara ya nchi za udhamini, yaani nchi zilizotawaliwa chini ya uangalizi wa Umoja huo. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Nyerere alikuwa akienda huko kuitetea kwa niaba ya TANU. Ndipo walipofahamiana. Mwajiriwa wa Umoja wa Mataifa haruhusiwi kufanya siasa za chama, kwa hiyo Mondlane aliacha kazi ile mwaka 1961, akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Syracuse, na mwaka 1963 akahamia hapa moja kwa moja.

Shikamooni. Kitini chetu kinasema FRELIMO ilianzishwa Septemba 1962, mwenzangu ana kitabu kinasema Juni. Kwenye mtihani niandike ipi? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Temeke)

Marahaba. Andika Juni 25, 1962, Dar es Salaam. Siku hiyo vyama vitatu vilikubali kuungana: UDENAMO, kilichoundwa na Wamsumbiji waliokuwa Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo), MANU, kilichokuwa na nguvu kwa Wamakonde waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika na Kenya, na UNAMI, cha watu wa upande wa Tete, magharibi mwa Msumbiji, na Malawi. Septemba 1962 ulifanyika Mkutano Mkuu wa kwanza, hapa hapa Dar, Mondlane akachaguliwa rais na Uria Simango makamu wake. Aliyeandika kitini chenu amechukua tarehe ya mkutano akaifanya ya kuzaliwa kwa chama.

Kuna mtego wa pili. Septemba 25 ni siku ya kuanza vita, lakini mwaka 1964, kwa shambulio la kituo cha utawala cha Chai, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, lililoongozwa na Alberto Chipande. Na Juni 25 imerudi tena mwaka 1975, siku ya uhuru wa Msumbiji. Uhuru uliwekwa siku hiyo kwa makusudi. Ukizipanga kwa miaka, 1962, 1964, 1975, hutachanganyikiwa.

Vyama vitatu vilikuwa na viongozi wao. Kwa nini wakamchagua mtu aliyetoka Marekani juzi? (Msomaji, Sinza)

Kwa sababu hakuwa wa chama chochote kati ya hivyo vitatu. Kumpa uongozi mkuu wa chama kimoja kungewaudhi wafuasi wa vingine viwili. Mondlane alikuwa na elimu, alijua lugha na taratibu za mabaraza ya kimataifa, na hakuwa na deni kwa kundi lolote. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hakuwa na jeshi la wafuasi wa kumlinda ndani ya chama. Viongozi kadhaa wa vyama vya awali walijitenga mapema, wakaanzisha vikundi vyao Cairo, Kampala na kwingineko. Miezi ya mwanzo FRELIMO ilionekana kama itavunjika kabla haijafyatua risasi.

Mondlane alishika bunduki? Mzee wangu anasema vita vilipiganwa na Samora. (Msomaji, Kigamboni)

Mzee wako hajakosea sana. Mondlane hakuwa kamanda wa uwanjani. Mkuu wa ulinzi wa mwanzo alikuwa Filipe Samuel Magaia, aliyeuawa Oktoba 1966, ndipo Samora Machel akashika nafasi hiyo. Samora alikuwa muuguzi Lourenço Marques, Maputo ya leo. Alitoroka mwaka 1963 kupitia Bechuanaland (Botswana ya leo), akafika Dar kwa kupewa kiti kwenye ndege iliyokodiwa na ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kisha akapelekwa Algeria kwa mafunzo.

Kazi ya Mondlane ilikuwa kupata nchi za kuwapokea vijana hao, kulipia safari, kupata silaha, kuzungumza na Serikali ya Tanzania na kuamua vita vianze lini. Hilo la mwisho lilimletea lawama. Wapo waliotaka kupigana tangu 1962 kwa hasira ya Mueda, ambako Juni 16, 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika kwenye ofisi ya utawala. Mondlane alikataa kuanza na watu wasiofunzwa. Kwa hesabu zake mwenyewe vita vilianza na wapiganaji waliofunzwa wapatao 250, na kufikia 1967 walikuwa 8,000. Vikundi vilivyokimbilia kuanza kabla ya hapo havikufika mbali. Kwa maoni yetu kusubiri kule ndiko kulikookoa vita.

Nimekulia Newala. Bibi alikuwa akisimulia misururu ya watu wenye masanduku kichwani usiku. Hizo silaha zilitoka wapi na zilifikaje mpaka mtoni? (Mama wa Mbagala)

Bibi alikuwa akisimulia njia ya mahitaji ya vita, sehemu ambayo vitabu vingi huipitia juu juu. Tuifuate tangu bandarini.

Silaha nyingi zilitoka Urusi, China na nchi nyingine za kisoshalisti, pamoja na marafiki kama Algeria. Hazikupelekwa ofisini kwa FRELIMO. Zilipitia Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na jeshi la Tanzania ndilo lililozipokea na kuzitunza kabla ya kugawiwa. Utaratibu huo uliipa Tanzania rungu kubwa: chama kikileta fujo, ghala linafungwa.

Kutoka hapo mzigo ulielekea kambini. Kongwa, Dodoma, ilitolewa mwaka 1964, na baadaye ANC, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola nao walikaa huko. Nachingwea ikafuata mwaka 1965, ikawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO. Si bahati nasibu kwamba sehemu zote mbili zilikuwa mashamba ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa miaka michache baadaye. Mradi ulishindwa kuzaa karanga, lakini uliacha majengo, uwanja wa ndege na ardhi iliyokwisha kufyekwa. Kambi ya Nachingwea iliitwa Farm 17, jina la shamba la mradi huo.

Kikwazo kikubwa kilikuwa barabara ya kusini. Rufiji haikuwa na daraja. Magari yalivuka kwa kivuko cha Ndundu, na Daraja la Mkapa limefunguliwa mwaka 2003 tu. Mvua zilipokolea, barabara ya Kibiti kwenda Lindi ilikuwa ikikatika. Kwa hiyo mzigo wa msimu mzima ulitakiwa uwe umeshafika kusini kabla ya mvua, vinginevyo wapiganaji wa ng'ambo ya Ruvuma wanabaki na walichonacho. Njia nyingine ilikuwa meli mpaka Mtwara.

Mpakani njia iligawanyika. Mizigo ya Cabo Delgado ilipitia upande wa Mtwara na Newala, ya Niassa, jimbo jirani la magharibi yake, ilipitia Songea. Ruvuma ulivukwa kwa mitumbwi maji yakijaa, na kwa miguu penye michanga ya kiangazi. Ng'ambo hakukuwa na gari: kila risasi, kila dawa, ilikwenda kichwani, watu wakifuatana mmoja mmoja kwenye vijia, usiku au chini ya miti kukwepa ndege za Wareno. Adui mwingine alikuwa mabomu ya ardhini yaliyotegwa vijiani. Wabebaji wengi walikuwa raia, wanawake kwa wanaume, na tangu 1967 kilikuwapo kikosi cha wanawake waliofunzwa silaha.

Wabebaji hao hawakurudi mikono mitupu. Kutoka maeneo yaliyokombolewa walileta korosho, karanga na ufuta viuzwe kwetu, na fedha ikanunua chumvi, nguo, sabuni na majembe kwa ajili ya maduka ya wananchi ng'ambo. Mkulima aliyekuwa akilazimishwa na Wareno kulima pamba alitaka kuona chumvi kabla ya hotuba. Mondlane alilielewa hilo, na hapo hapo ndipo ugomvi ulipoingia, kama jibu lifuatalo linavyoonyesha.

"Kikulacho ki nguoni mwako." Ni kweli Wamakonde ndio waliompinga Mondlane? (Msomaji, Tandika)

Likisemwa hivyo si kweli, na linaudhi bila sababu. Chipande aliyeongoza shambulio la Chai ni Mmakonde. Raimundo Pachinuapa, kamanda mwingine mkubwa, ni Mmakonde. Uwanda wa Mueda ndio uliobeba vita, ukatoa wapiganaji, wabebaji na chakula kuliko sehemu nyingine yoyote.

Aliyempinga ni Lazaro Nkavandame, mwenyekiti wa FRELIMO wa Cabo Delgado, pamoja na wenyeviti waliokuwa chini yake. Nkavandame hakuwa mtu mdogo: miaka ya 1950 aliongoza ushirika wa wakulima wa pamba, na watu walimheshimu. Vita vilipoanza, biashara ile ya korosho na chumvi ilikuwa mikononi mwake. Wapiganaji wakalalamika kwamba mkulima anapunjwa kwenye bei na faida inaishia kwa wenyeviti. Yeye kwa upande wake alilalamika kwamba watu wa kusini ya Msumbiji wamejaa kwenye vyeo Dar es Salaam huku Wamakonde wakifa.

Malalamiko yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake, jambo ambalo simulizi za washindi hazipendi kulisema. Mondlane, Samora na Joaquim Chissano, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji baada ya Samora, wote walitoka kusini. Na bei za maduka zilikuwa tatizo la kweli.

Mwaka 1968 mambo yakafumuka. Machi, wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji, sekondari ya FRELIMO iliyokuwa Kurasini ikiongozwa na Janet Mondlane, waligoma. Padri Mateus Gwenjere aliwaunga mkono: hawakutaka masomo yakatishwe ili waende vitani, na hawakuwataka walimu wazungu. Shule ikafungwa, na walimu kadhaa weupe wa Msumbiji na Ureno wakaondoshwa nchini. Mei, kundi la watu lilivamia ofisi ya FRELIMO mjini na kumuua Mateus Muthemba. Julai, Mkutano Mkuu wa pili ukafanyika Matchedje, Niassa, ndani ya Msumbiji yenyewe. Mondlane akachaguliwa tena, Nkavandame akasusa. Serikali ya Tanzania ilijaribu kuwapatanisha Mtwara, ikakataa wazo la Cabo Delgado kujitenga. Desemba, Paulo Kankhomba, ofisa wa jeshi la FRELIMO, akauawa kwenye kivuko cha Ruvuma. Nkavandame akasimamishwa Januari 1969, na miezi michache baadaye akajisalimisha kwa Wareno.

Katika msukosuko wote huo ndoa ya Mondlane ilitumiwa kama fimbo. Msimamo wake kwamba adui ni mfumo wa ukoloni, wala si rangi ya mtu, ulikuwa rahisi kuutamka jukwaani na mgumu kuutetea mbele ya kijana aliyefiwa na nduguze Mueda. Hakuubadilisha.

Tumesikia alikuwa mtu wa Wamarekani. (Msomaji, Ubungo)

Alisoma kwao, aliwafundisha, na Taasisi ya Kurasini ilianza kwa fedha za Ford Foundation. Wareno walipolalamika, fedha hizo zikakoma, na Sweden ni miongoni mwa waliokuja kuziba pengo. Sababu ya kukoma haihitaji uchawi: Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, na Marekani ilihitaji kambi ya ndege ya Lajes kwenye visiwa vya Azores. Mondlane aliomba kwa kila aliyeweza kutoa. Mashariki walitoa bunduki, Waskandinavia wakatoa vitabu na dawa, naye alikuwa makini asije akafungwa na mfadhili mmoja. Anayemwita kibaraka aeleze risasi za Kichina na Kirusi zilitoka wapi.

Aliuawa wapi hasa, na nani aliyefanya? Wengine wanasema ofisini, wengine nyumbani kwake. (Msomaji, Kinondoni)

Si ofisini wala nyumbani kwake. Asubuhi ya Jumatatu, Februari 3, 1969 alichukua barua zake kwenye ofisi ya FRELIMO, Barabara ya Nkrumah, akaenda nazo kwenye nyumba ya rafiki wa familia, Oyster Bay, ambako alizoea kufanyia kazi kwa utulivu. Kati ya barua kulikuwa na kifurushi cha kitabu. Alipokifungua kililipuka, akafa pale pale. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Polisi wa Tanzania walichunguza kwa kushirikiana na polisi wa kimataifa, na ufuatiliaji wa betri zilizotumika ukaelekeza Lourenço Marques. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba polisi wa siri wa Ureno, PIDE, ndio waliohusika, na jina linalotajwa mara kwa mara ni la wakala wao Casimiro Monteiro, ambaye baadaye mahakama ya Ureno ilimtia hatiani, bila yeye kuwepo, kwa mauaji ya Jenerali Humberto Delgado, Mreno aliyeipinga serikali ya nchi yake. Kwa kifo cha Mondlane hakuna aliyewahi kufikishwa mahakamani.

Kinachobishaniwa ni kama kulikuwa na mkono wa ndani uliosaidia kifurushi kimfikie. Nkavandame na Simango wametajwa sana, ila kutajwa si ushahidi. Ukisoma maandishi ya miaka ya 1970, kumbuka yaliandikwa na waliokuwa wameshinda mvutano ule.

Nani alichukua nafasi yake? (Msomaji, Ilala)

Simango alikuwa makamu na alitarajia kuwa rais. Kamati Kuu, Aprili 1969, haikumpa. Iliunda baraza la watu watatu: Simango, Samora na Marcelino dos Santos. Novemba Simango alitoa waraka mkali wa kuwashutumu wenzake, akasimamishwa. Mei 1970 Samora akawa rais, dos Santos makamu. Mwaka huo huo Wareno walianzisha operesheni yao kubwa kuliko zote huko kaskazini, yenye askari wapatao 35,000, na FRELIMO ikaikwepa kwa kuhamishia uzito wa vita Tete, uwanja uliofunguliwa upya Machi 1968 kupitia Zambia, wakati wa Mondlane. Kabla ya hapo Tete ilikuwa imesimama kwa sababu Malawi ya Banda haikuruhusu mizigo kupita.

Nataka kuwapeleka wanafunzi wangu wakaone kaburi lake na kambi. Nianzie wapi? (Mwalimu wa sekondari, Tabata)

Mwalimu, kaburini usiwapeleke. Alizikwa kwenye makaburi ya Kinondoni, lakini mabaki yake yalihamishiwa Maputo, na sasa yapo kwenye mnara wa Uwanja wa Mashujaa. Hapa mjini anzeni Nyaraka za Taifa, Upanga, msome magazeti ya Februari 1969. Andika barua ya shule mapema, taja majina ya magazeti na miezi mnayoihitaji, maana ukiomba tu "habari za Mondlane" utapoteza siku nzima. Tafuteni pia juzuu tisa za Mradi wa Hashim Mbita kuhusu ukombozi wa Kusini mwa Afrika, zilizotoka 2014. Zina mahojiano na watu wa vijijini mpakani, ambao magazeti ya Dar hayakuwahoji.

Kambi ya karibu kusafiria ni Kongwa, kwa sababu barabara ya Dodoma inapitika mwaka mzima. Nachingwea ni mwendo wa siku nzima: Kibiti, Nangurukuru, Mingoyo, Masasi, ndipo upande kwenda Nachingwea. Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Pitieni kwanza ofisi ya mkuu wa wilaya na barua ya utambulisho, na muulizie ofisa utamaduni, kwa sababu baadhi ya majengo ya kambi za zamani yana matumizi mengine leo na kupiga picha bila ruhusa kunaweza kuwakatishia ziara.